Kinu Kilichohamia kwa Marsela

Kinu cha Josefina kilikuwa kinaishi kwa jirani. Kiliondoka nyumbani mwaka uleule mume wake, Erasmus Lyamba, alipoacha jeshi na kurudi Sitalike, na tangu hapo kila Josefina alipotaka kutwanga karanga au kisamvu ilimbidi abebe sahani yake mpaka kwa Marsela, apige soga kidogo ya lazima, atwange, kisha arudi. Watu walipouliza, alisema kinu kimepasuka. Marsela, ambaye kila siku alikiona kimekaa kizima kando ya jiko lake, naye alijibu hivyohivyo: kimepasuka.

Ukweli ni kwamba Erasmus hakuweza kukaa karibu na kishindo asichokitarajia. Mchi ukigonga kinu, yeye yuko chini kifudifudi, mikono kichwani, hata kama mkononi alikuwa na bakuli la uji. Mara ya kwanza watoto walicheka, wakidhani baba anacheza nao. Mara ya pili hawakucheka. Basi nyumba ikajifunza. Bisi hazikukaangwa tena. Mlango ulifungwa kwa mikono miwili, polepole. Mtu akitoka nyuma ya nyumba alianza kusema tangu mbali, "Ni mimi, Lucia," mithili ya mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba aliyozaliwa. Hakuna aliyewakalisha chini akawafundisha hayo, yalijipanga yenyewe.

Kilichokuwa kinashangaza ni debe. Erasmus alikuwa mlinzi wa mpunga bondeni, na kazi ya mlinzi ni kukaa juu ya dungu, jukwaa la miti, usiku na kupiga debe ili viboko wa mto Katuma wasipande kwenye majaruba. Debe hilo alilipiga kwa nguvu zake zote mpaka kunakucha, na halikumshtua hata kidogo. Josefina aliliona hilo, akaliacha lipite. Alikuwa na mengine ya kufikiria.

Kabla yake bonde lilikuwa limejaribu walinzi wa kila aina. Wapo waliolewa, wapo waliolala, na mmoja alitoroka na tochi ya chama cha wakulima. Kisha akaja Afande asiyelala. Viboko wakazoea kupita kando, na wakati wa mavuno kila mwenye jaruba akawa anampimia Erasmus fungu lake la mpunga bila manung'uniko, na mpunga huo ndio uliowavalisha watoto viatu vya shule. Mzee Apolinari, mwenyekiti wa wakulima wa bonde, alipenda kumsifu mbele za watu.

"Huyu mtu hana usingizi kabisa," alisema. "Jeshi bwana! Mungu katuletea."

Watu walicheka kwa raha. Josefina naye alicheka, maana ugonjwa wa mume wake ndio uliokuwa unawalisha, na angemwambia nani?

Mambo yaliharibika kwa sababu ya tembo. Mchana mmoja kundi la tembo lilivuka barabara likaelekea kwenye mahindi ya watu, na askari wa wanyamapori wakaja kuwafukuza kwa baruti. Erasmus alikuwa amejilaza chumbani, macho wazi kama kawaida yake. Lucia, binti yao mkubwa, alikuwa anaingia na kikombe cha maji. Baruti ililia, na Josefina aliyekuwa jikoni akasikia kikombe kinaanguka. Alipofika, mume wake alikuwa amembana mtoto ukutani, mkono wake mmoja umeushika mkono wa Lucia na kuupinda, na macho yake hayakuwa yanamwangalia Lucia.

"Baba Lucia! Ni mtoto! Ni mtoto wako!"

Alimwachia. Akautazama mkono wake mwenyewe kwa muda, akatoka, akaenda kukaa nyuma ya banda la kuku, na chakula cha jioni hakukigusa. Mkono wa mtoto ulivimba lakini haukuvunjika. Kesho yake mwalimu alipouliza, Lucia alisema ameteleza kisimani. Alilisema vizuri sana, bila kupepesa, na mwalimu akaamini. Josefina alipolisikia hilo aliumia kuliko alivyoumia kuuona mkono wenyewe.

*

"Mpeleke hospitali," Marsela alisema.

Walikuwa wanatwanga kwa zamu kwenye kinu hichohicho, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka.

"Haendi. Nimemwambia mpaka nimechoka. Anasema hospitali ni ya wagonjwa, na yeye haumwi popote."

"Basi nenda wewe."

"Mimi naumwa nini?"

"Unaumwa anachoumwa yeye." Marsela alisimamisha mchi akafuta jasho. "Wewe unadhani vidonda vya tumbo vya mume wangu, baba Kaunda, vilipona vipi? Si unamjua alivyo. Nilienda mwenyewe, nikasema daktari, tumbo linaniwaka, nikila nalia, nisipokula nalia. Nikapewa dawa. Akanywa yeye, akapona. Mpaka leo kadi pale kituoni inasema mimi ndiye nina vidonda."

Wakacheka sana, mpaka kisamvu kikarukia kwenye kanga. Lakini Josefina aliondoka na lile wazo, akalala nalo, akaamka nalo.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa bodaboda, na foleni yake ilikuwa ileile ya siku zote: kina mama na watoto wenye homa, wazee wa presha, mtu mmoja aliyefungwa kitambaa kichwani. Tabibu aliyekuwa zamu aliitwa Maduhu, kijana wa Kisukuma mwenye sauti ya upole na macho ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi.

"Silali," Josefina alisema. "Nikilala naota vibaya, napiga kelele. Kitu kikilia nashtuka. Nina hasira. Hata kanisani siendi, watu wakiwa wengi natafuta mlango uko wapi."

Maduhu aliacha kuandika, akamtazama. "Kuna jambo baya lililokupata, mama?"

Hapo Josefina hakuwa amejiandaa. "Nilifiwa," alisema.

"Pole. Na nani?"

"Na ndugu."

Tabibu alisubiri aendelee, lakini nje mtoto alikuwa analia kwa homa. Akamwandikia vidonge vya kuanzia. Akamweleza mara mbili kwamba atameza kimoja jioni, asizidishe, kwamba vinalewesha usingizi, na kwamba siku za mwanzo asifanye kazi yoyote ya hatari wala ya kukesha. "Urudi wiki ijayo tuongee vizuri. Dawa peke yake haitoshi. Nataka nijue hicho kilichokupata."

"Nitarudi," Josefina alisema, huku akijua harudi.

Kila jioni kabla ya Erasmus kwenda dunguni alikuwa anakunywa chai ya tangawizi, kali, yenye sukari nyingi. Josefina alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakoroga. Onyo la kukesha alilikumbuka, lakini bila lindo wangekula nini? Asubuhi mume alirudi macho mekundu kama siku zote, akasema viboko walifika mpaka ukingoni akawarudisha. Jioni iliyofuata akaweka tena, na hali ikawa ileile. Akajiambia kwamba mtu ambaye hajalala miaka yote hiyo atalazwaje na kidude kidogo namna ile? Akaweka vitatu kwa pamoja.

*

Asubuhi ile Erasmus alichelewa kurudi. Waliotangulia kufika walikuwa watoto wa jirani, wakikimbia, wakipiga kelele kwamba viboko wamelala kwenye mpunga. Josefina aliacha moto unawaka akaenda. Kutoka kwenye tuta la mfereji aliona majaruba yaliyokuwa yamefunga masuke jana yamekuwa tope tupu, na kwenye tope lile alama za nyayo kubwa zimejaa maji. La mzee Apolinari lilikuwa limekwisha. La Marsela lilikuwa limebaki nusu. La kwao wenyewe, lililokuwa karibu zaidi na mto, lilikuwa halipo.

Watu walikuwa wamezunguka dungu. Juu yake Erasmus alikuwa amekaa, viatu vimefungwa kamba vizuri, debe limelala kando. Walikuwa wamemwamsha kwa kumtikisa mguu. Alikuwa anatazama majaruba, na sura yake ilikuwa tupu.

Alishuka, akatembea mpaka nyumbani, na Josefina nyuma yake. Ndani alivua viatu akavipanga ukutani. Alimkabidhi tochi.

"Nimelala lindo," alisema.

"Baba Lucia, hebu nisikilize..."

"Mtu anayelala lindo anaua wenzake. Hakuna mwingine. Ni yeye ndiye anayewaua." Hakupandisha sauti. Alitoa nguo zake kwenye begi la jeshi akaanza kuzikunja moja moja na kuzipanga kitandani, kama mtu anayeandaa vitu ili wengine wasipate shida ya kuvitafuta.

Josefina alitaka kusema palepale. Aliogopa. Aliogopa akisema ataachwa, na aliogopa zaidi akinyamaza. Alichofanya ni kuchukua chupa ya dawa ya kuulia wadudu iliyokuwa juu ya boriti, akaifunika kwa kanga, akaipeleka kwa Marsela.

"Iweke kwako. Usimwambie mtu."

Marsela aliipokea na hakuuliza. Alikuwa amepoteza nusu ya mpunga wake asubuhi hiyo, na Josefina hakuweza kumtazama usoni.

*

Kikao kilikaa mchana huohuo kwenye kibaraza cha mashine ya kukoboa. Mashine ilizimwa ili watu wasikilizane. Mzee Apolinari alikaa kwenye kiti, wengine juu ya magunia, wanawake upande wao. Erasmus hakukaa. Alisimama katikati, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu.

"Afande," mzee alianza, "sisi tunakuheshimu. Tuambie ilikuwaje."

"Nililala. Sina utetezi."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa mtu halali misimu mitatu, leo alale mpaka kiboko amtafunie debe mkononi?" Aliyesema alikuwa kijana wa mashine. "Huyo alikuwa amepiga gongo. Semeni ukweli."

"Alilewa," sauti nyingine ikaunga. "Ndiyo zao hao. Wanajifanya wagumu, kumbe wanakunywa peke yao."

Erasmus, ambaye hakuwahi kuonja pombe hata siku ya harusi yake, alimgeukia mzee. "Andikeni hivyo," alisema. "Andikeni nililewa."

Josefina alisimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Hakulewa! Nilimwekea dawa mimi. Kwenye chai."

Mwanamke mmoja kwenye magunia ya nyuma akapiga kigelegele cha dhihaka.

"Limbwata! Jamani, kamlisha limbwata!"

Kicheko kililipuka. Watu walikuwa na hasira na njaa ya mwaka mzima mbele yao, na hapo wamepewa kitu cha kuwatoa machungu. Walipigana mabega. "Mume halali nyumbani, ndiyo maana!" "Mama Lucia, ulitaka akae chumbani, ukamlaza dunguni!" "Utuonyeshe na mganga wako basi!" Hata mzee Apolinari alificha mdomo kwa kofia.

Josefina alisimama palepale, kanga imemteleza begani. Neno moja lingetosha kuwanyamazisha. Angesema ni dawa za kituo cha afya, wangeuliza za ugonjwa gani, na angetakiwa awaambie mbele ya Erasmus mwenyewe, mbele ya kijana wa mashine, kwamba Afande wao analia usingizini kama mtoto. Alimtazama mume wake. Aliona anamtazama yeye, na kwamba ameelewa kila kitu, chai na tangawizi na sukari nyingi. Akaamua kufunga mdomo. Wacha iwe limbwata. Ataishi na jina hilo, wapo wanaoishi na mabaya zaidi.

"Na utalipa!" kijana wa mashine alikuwa anasema. "Mchawi we! Utalipa mpunga wa watu!"

"Nyamaza," Erasmus alisema.

Hakupaza sauti, lakini kijana alinyamaza, na kicheko kikaishia njiani.

"Mke wangu si mchawi. Ile ni dawa ya hospitali." Mikono yake ilikuwa bado imenyooka ubavuni. "Mimi ni mgonjwa. Silali tangu nitoke kule tulikopelekwa kulinda amani. Mtu akiangusha sufuria mimi naanguka. Wiki iliyopita nimemuumiza mtoto wangu. Nyie mlikuwa mnanisifu silali. Mlidhani ni nini, ujeshi? Mimi naogopa kulala. Ninaogopa."

Mwanamke wa kigelegele alijifanya anatafuta kitu ndani ya kapu. Mzee Apolinari alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Tulikuwa tunajua," Marsela alisema kutoka kwenye magunia, na sauti yake ilikuwa na hasira, haikueleweka ni kwa nani. "Tusidanganyane hapa. Nani asiyejua? Kinu cha huyu mama kipo kwangu, kizima, mnakiona wote. Tulinyamaza kwa sababu mpunga ulikuwa salama."

Kikao kilivunjika bila maamuzi. Suala la mpunga wa watu liliahirishwa mpaka Jumapili baada ya misa. Kurudi nyumbani Erasmus alitangulia, hatua chache mbele, na hakugeuka. Mlangoni ndipo aliposimama.

"Ungeniua," alisema. "Ningeanguka toka kule juu. Au wangenikanyaga."

"Najua."

"Kwenye chai, mama Lucia. Mtu anakunywa chai mkononi mwa mke wake."

"Najua. Nisamehe. Sikujua nifanye nini tena." Alianza kulia, na hakujizuia. Alikuwa amejizuia kwa miaka.

Erasmus alikaa kizingitini, mgongo ukutani, mahali pa kuona njia yote.

"Huyo tabibu," alisema hatimaye. "Anafungua siku gani?"

*

Maduhu alipoelezwa alikasirika kweli, na hakuficha. Alimwambia Josefina kwamba dozi ile ingeweza kumsimamisha mtu moyo, kwamba dawa haiazimwi kama jembe, na kwamba anachoshukuru ni kwamba leo anawaona wote wawili wakiwa hai. Josefina aliinama akasikiliza yote. Alistahili. Kisha tabibu akavuta kiti akakiweka upande uleule wa meza aliokaa Erasmus, akamuuliza kama anataka mke wake abaki au atoke.

"Abaki. Ameshanisemea huko nyuma, bora asikie lililo sahihi."

Lilikuwa ni jaribio la utani, la kwanza baada ya siku nyingi. Maduhu alitabasamu, akauliza maswali yake moja baada ya jingine bila haraka: ndoto, mishtuko, mahali anapopaepuka, kama amewahi kufikiria kuutoa uhai wake. Kwa hilo la mwisho Erasmus aliangalia sakafu, akasema ndiyo, siku ile ya viboko. Josefina aliikumbuka ile chupa, akashika kanga yake kwa nguvu.

"Na kule kulitokea nini?"

Erasmus alitoa ripoti. Hapakuwa na neno jingine la kuiita. Kambi ndogo, wanaume wachache, alfajiri. Zamu ilikuwa ya Polycarpe, kijana wa Katumba waliyekuwa wanakula naye sahani moja na ambaye kila jioni alikuwa anasimulia mihogo ya mama yake. Erasmus alikuwa ametoka zamu, amelala. Aliamshwa na mlipuko. Alipofika langoni, Polycarpe alikuwa hawezi kusaidiwa.

"Wenzangu walisema aliniita. Mimi nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa zamu?" Maduhu aliuliza.

"Hapana."

"Ulitakiwa ufanye nini saa ile?"

Erasmus alifikiri. "Kulala."

"Basi ulikuwa unafanya ulichotakiwa kufanya."

Erasmus alifunika uso kwa viganja viwili, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Josefina, ambaye alikuwa amelisikia jina la Poli likiitwa usingizini bila kujua ni la nani, alimwekea mkono mgongoni taratibu, akisema kwanza, "Ni mimi."

Maduhu aliwaeleza kwamba ugonjwa huo unajulikana, unawapata askari na unawapata hata waliopata ajali barabarani, na si kichaa wala laana. Utatibiwa hapohapo kituoni. Atampa dawa nyingine ya kumeza, kwa utaratibu, na kila wiki Erasmus atakuja waongee. Ukimshinda atampigia simu daktari wa magonjwa ya akili. Chupa zote za sumu za shamba zikae kwa jirani. Na lindo la usiku, basi.

"Ndiyo chakula chetu hicho," Erasmus alisema.

"Najua. Lakini siwezi kukutibu usingizi huku unalipwa usilale."

Jambo hilo waliliacha lilivyo. Kisha Maduhu akauliza ni mlio gani unaomsumbua zaidi hapo nyumbani.

"Kinu."

"Na lile debe la dunguni?"

"Debe napiga mimi mwenyewe."

Maduhu aliweka kalamu chini. "Kumbe. Basi tuanzie hapo. Mlio ambao mkono wako ndio unautoa. Nani anatwanga kwenu?"

Mume na mke walitazamana. Kwao mwanamume hatwangi. Mwanamume anaweza kuchota maji kwa baiskeli, anaweza hata kupika akiwa na mgonjwa ndani, lakini kinu hakigusi.

*

Jumapili wakulima waliamua kwamba mpunga haulipwi, kwa sababu hakuna wa kulipa, na kwamba Erasmus atahamia zamu ya mchana, kufukuza kwelea. Fungu la mlinzi wa ndege ni dogo, na mwaka huo lingekuwa dogo zaidi. Josefina alianza kuuza maandazi barabarani kwa abiria wa mabasi ya Mpanda, na bado kuna waliokataa kununua, wakinong'onezana kuhusu chai. Hayo yalimuuma. Alirudi na maandazi yake, watoto wakala.

Siku iliyofuata, jua limewaka, Erasmus alikwenda kwa Marsela akakibeba kinu begani mpaka nyumbani, akakiweka katikati ya uwanja mahali ambapo kila mpita njia anaona. Akatia kisamvu. Akashika mchi. Aliugonga mara moja, akaruka hatua mbili nyuma, akasimama anahema. Akarudi. Akagonga tena.

"Afande!" kijana wa mashine aliita kutoka njiani. "Umeolewa?"

"Nimeolewa," Erasmus alijibu, jasho linamchuruzika. "Bado mahari."

Siku za mwanzo kisamvu kilitoka kibaya, nusu majani, na watoto walikila bila kulalamika. Zipo siku alizoutupa mchi akaenda nyuma ya banda la kuku, na Josefina alimwacha huko mpaka atoke mwenyewe. Usiku bado aliita jina la Polycarpe, ila sasa akiamka alikuwa anajua yuko Sitalike. Kila wiki alipanda bodaboda kwenda kwa Maduhu, na kila wiki alirudi amechoka kama mtu aliyelima.

Halafu ikafika jioni moja ambapo alikuwa anatwanga karanga, na Josefina akatoka ndani na mchi wa pili. Alizunguka akaja mbele yake, mahali pa kuonekana.

"Nikusaidie?"

Erasmus aliutazama ule mchi. Alielewa anachoulizwa. Mlio mmoja utakuwa wake, mwingine hautakuwa wake.

"Karibu," alisema.

Alipiga yeye. Mchi wake ulipopanda, wa Josefina ukashuka, na mwili wa Erasmus ukajikunja wote, mchi ukagonga ukingo wa kinu na karanga zikaruka.

"Ni mimi, baba Lucia."

Akasimama wima. Akapiga. Naye akapiga. "Ni mimi." Akatetemeka, lakini miguu ilibaki pale. "Ni mimi." Wakaenda hivyo, polepole, vibaya, kama wasichana wanaofundishwa, mpaka michi ikaanza kupishana.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe," Erasmus alisema. "Twanga."

Lucia alitokea nyuma ya nyumba akiwa na sahani ya kuwekea karanga. Alikuwa anawatazama wazazi wake, mdomo wazi, akasahau kusema ni yeye. Baba yake aligeuka, akamwona, akaendelea kutwanga.